Gitaa la mjomba limeanguka: nilirudishe kwa mtengenezaji Marekani au nitafute fundi hapa?

*Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya, naishi Tanga. Marehemu mjomba wangu alinunua gitaa kavu la Martin, D-18, likiwa jipya, alipokuwa masomoni Marekani mwaka 1978, na kabla hajafariki aliniachia mimi. Mwezi uliopita lilianguka kutoka kwenye stendi wakati wa mazoezi. Uso umepata ufa unaoanzia nyuma ya daraja kwenda chini, na daraja lenyewe limeanza kubanduka kwa nyuma. Tena nyuzi ziko juu mno kufikia katikati ya shingo, ingawa hilo lilikuwapo hata kabla halijaanguka. Fundi mmoja hapa anasema atalibana daraja kwa Araldite na skrubu mbili, halafu akaze shingo. Rafiki yangu anasema nilirudishe kiwandani kwa sababu magitaa hayo yana waranti ya maisha. Nimshike yupi? Na kama ni kulirudisha, linasafirishwaje?*

Marahaba. Pole kwa gitaa, na pole kwa kuondokewa na mjomba.

Kabla hatujazungumzia waranti wala Marekani, kuna kazi ya leo hii: legeza nyuzi zote sita mpaka zining'inie. Seti ya nyuzi nyepesi za chuma ikishakazwa kwenye sauti zake inavuta kwa nguvu inayozidi kilo 70. Gitaa zima linaimudu nguvu hiyo miaka na miaka. Daraja, kile kibao juu ya uso kinachoshikilia nyuzi, likishabanduka haliimudu. Kila siku linanyanyuka kidogo zaidi, linang'oa nyuzinyuzi za mbao ya uso, na ule ufa unarefuka. Najua utaniambia bado linapigika na Jumapili kuna ibada. Litapigika, mpaka siku daraja litakapofyatuka na kuondoka na kipande cha uso. Jumapili azima gitaa jingine.

La pili, mshukuru fundi wa Araldite na usimpe gitaa. Araldite ni epoksi, gundi nzuri sana kwa vyuma na vigae. Kwenye daraja la gitaa inapenya ndani ya mbao na kubaki humo, na fundi atakayekuja baadaye hawezi kuibandua bila kukwangua mbao pamoja nayo. Gundi yoyote ya mbao atakayotaka kuitumia haitashika juu yake. Skrubu mbili zitatoboa daraja, zitatoboa uso, na zitatoboa kile kibao cha ndani kinachobeba vichwa vya nyuzi chini ya daraja. Hapo umetoka kwenye jeraha moja umeingia kwenye matatu. Hivyo hivyo kwa supa glue ya dukani: usiruhusu mtu aidondoshee kwenye ufa "ili usiendelee".

Na hilo la kukaza shingo ndilo lililonionyesha kwamba hajawahi kulichungulia gitaa hilo kwa ndani. Magitaa mengi ya siku hizi yana chuma kinachopita ndani ya shingo, chenye kichwa cha kuzungushia kwa ufunguo, na ukikikaza shingo inanyooka. Martin walianza kuweka chuma cha namna hiyo mwaka 1985. Gitaa la 1978 lina bomba la chuma la pembe nne lililofungiwa ndani ya shingo, halikazwi wala halilegezwi. Ingiza tochi kwenye tundu la sauti utazame pale shingo inapoungana na mwili: hutaona tundu la ufunguo. Kwa hiyo anayekuahidi kukaza shingo ya gitaa hilo anakuahidi kukaza kitu kisichokuwapo.

Sasa waranti. Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Martin wanatoa waranti ya maisha, lakini ni kwa mnunuzi wa kwanza, yule aliyelinunua jipya dukani. Hairithiwi. Mjomba angekuwa hai, habari ya nyuzi kupanda juu kwa sababu ya shingo angeweza kuipeleka kwao akiwa na risiti yake na wakamsikiliza. Kwako wewe mlango huo umefungwa. Na hata angekuwapo, kuanguka hakumo. Waranti za magitaa, za kampuni hii na za nyingine kubwa, zinahusu kasoro ya utengenezaji. Kuanguka, joto la gari lililoachwa juani, ukavu au unyevu wa hewa, na kuchakaa kwa freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo), hayo yote ni ya mwenye gitaa. Kwa hiyo ukirudisha, unarudisha kama mteja wa kulipa. Wanapokea wateja wa namna hiyo. Lakini kila senti ni yako: ya kwenda, ya kazi, na ya kurudi.

Ndiyo maana siulizi kwanza "kiwanda au fundi wa hapa". Nauliza gitaa lina maradhi gani hasa, kwa sababu uliyoyataja ni matatu na hayalingani uzito. Unaweza kuyapima mwenyewe nyumbani.

Anza na ufa. Subiri usiku, zima taa, ingiza tochi ndogo ndani ya gitaa, utazame uso kwa nje. Mwanga ukipenya kwenye mstari, mbao imepasuka kabisa. Usipopenya, huenda ni rangi tu iliyochanika. Kisha gonga uso taratibu kwa kifundo cha kidole, ukizunguka daraja lote. Sauti nzima ni kama ya ngoma ndogo; mahali penye mtetemo wa kuparaza, kuna ubavu wa ndani umeachia. Ndani ya uso wa gitaa lako kuna mbao nyembamba mbili zinazokatana kwa umbo la X, na mkatano wao uko kati ya tundu na daraja. Hizo ndizo zinazobeba kazi yote. Simu yako inaingia kwenye tundu nyuzi zikiwa zimelegea: iwashe video na taa, ilaze ndani uso juu, izungushe polepole. Utaona viungo ambavyo hata fundi mwenye kioo cha daktari wa meno angehangaika kuviona.

Angalia pia ufa unapopita. Magitaa ya Martin ya miaka hiyo yalibandikwa kile kibao cheusi cha plastiki, kinachokinga uso dhidi ya kucha, moja kwa moja kwenye mbao tupu kabla ya kupakwa rangi. Plastiki husinyaa kadiri miaka inavyopita, na inapokunjamana huvuta mbao na kuipasua pembeni mwake. Nyufa za namna hiyo zinajulikana sana kwa wakusanyaji na hazina uhusiano wowote na kuanguka. Wako unaanzia nyuma ya daraja kwenda chini, kwa hiyo naamini ni wa kuanguka, lakini tazama na ukingo wa kibao. Ukiukuta umenyanyuka na pana mstari kando yake, una nyufa mbili zenye asili mbili, na fundi aambiwe zote.

Daraja lipime kwa karatasi. Chukua karatasi ya kawaida, isukume nyuma ya daraja kwenye ule mwanya. Ikigota baada ya milimita moja, tatizo ni dogo. Ikizama milimita 4 au 5, daraja lote lazima litolewe, kwa sababu kinachoshikilia sasa ni nusu tu.

Kipimo cha tatu ndicho kitakachoamua safari ya Marekani. Tafuta rula ya chuma ndefu iliyonyooka kweli, ya sentimita 60 au zaidi; mafundi wa aluminiamu wanazo. Ilaze ubavu wake juu ya freti, katikati ya shingo, ielekee kwenye daraja, na utazame ncha yake inapofika darajani. Shingo yenye pembe sahihi hupeleka rula ikagusa au ikapita juu kidogo ya mbao ya daraja. Ikigonga ukingo wa mbele wa daraja milimita moja chini ya juu yake, bado kuna uhai. Ikigonga milimita 2 au zaidi chini, shingo imelala mbele na hakuna dawa nyingine ila kuing'oa na kuipachika upya. Kumbuka unapima nyuzi zikiwa zimelegea. Zikikazwa hali huwa mbaya kidogo kuliko hiyo unayoiona. Tazama pia kile kimfupa cheupe kilichosimama juu ya daraja: kama kimeshasagwa kikabaki milimita moja au mbili tu juu ya mbao, ina maana mtu alishajaribu kushusha nyuzi kwa njia ya mkato na njia hiyo imeishia hapo. Njia ya mkato inayofuata ni kurandwa kwa daraja lenyewe, na hiyo nakukataza kabisa.

Shingo ya gitaa la karibu miaka 50 kulala mbele si ajabu wala si dosari ya mtu. Mwili umevutwa na nyuzi muda wote huo na umejikunja kidogo. Magitaa mazuri ya chuma yanayoishi muda mrefu hufanyiwa kazi hii angalau mara moja katika maisha yao.

Basi, hukumu yangu ni hii. Ikiwa rula imepita vizuri na maradhi ni ufa na daraja tu, usilipeleke popote. Hiyo ni kazi ya fundi makini wa hapa hapa Afrika Mashariki, awe Dar, Nairobi au hata Tanga kama yupo. Ufa wa uso unasafishwa, unapenyezewa gundi ya mbao, unabanwa hadi usawa wake urudi, kisha kwa ndani vinabandikwa viraka vidogo vyembamba vya mbao, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nyuzinyuzi za mbao yake zikikatisha ufa. Daraja linapashwa joto, linatenganishwa kwa kisu chembamba kisicho na makali, pande zote mbili zinasafishwa mpaka mbao tupu, ndipo linabandikwa na kubanwa kwa klampu zinazopita kwenye tundu la sauti, na haliguswi na nyuzi mpaka kesho yake au keshokutwa. Muulize fundi maswali mawili tu. Utatumia gundi gani? Jibu liwe gundi ya mbao ya manjano, au ile ya asili ya ngozi inayopashwa moto. Zote zinaweza kubanduliwa tena kwa joto siku ikihitajika. Daraja utalitoa lote, au utapenyeza gundi ukingoni? Akisema ukingoni, chukua gitaa lako muagane kwa wema. Seremala hodari wa vitanda na makabati siye unayemtafuta, hata kama mkono wake ni mzuri. Uso wa gitaa una unene wa takriban milimita 3 na hausamehe.

Ikiwa rula imegonga chini, mambo yanabadilika. Shingo ya D-18 imepachikwa kwa kiungo cha mkia wa njiwa na gundi. Kuitoa, fundi anang'oa freti ya 15, anatoboa tundu dogo chini yake mpaka kwenye uwazi wa kiungo, anaingiza mvuke kwa sindano hadi gundi ilainike, halafu anaivuta shingo juu taratibu. Kisha anachonga kisigino cha shingo kwa patasi, unene wa karatasi chache tu, anajaribu, anachonga tena, mpaka rula ipite anapotaka. Mvuke ukizidi, rangi inageuka nyeupe na viungo vya jirani vinaachia. Wapo watu eneo letu hili wanaoiweza, lakini ni wa kuhesabu, na muulize akuonyeshe shingo ya mkia wa njiwa aliyowahi kuitoa, siyo ya bolti. Kama humpati wa kumwamini, hapa ndipo kiwanda kinapoingia. Na ukiamua kiwanda, wapelekee maradhi yote matatu kwa pamoja, bila kuguswa na mtu. Pembe ya shingo inapimwa kwa kimo cha daraja. Daraja likibandikwa vibaya huku, wao watalibandua upya na utalipia mara mbili.

Fedha, tuongee wazi. D-18 ya miaka ya 1970 bado inauzika Marekani kwa zaidi ya dola elfu moja ikiwa mzima. Kupachika shingo upya kule ni mamia ya dola, ufa na daraja vinaongeza, na usafirishaji ni mamia mengine kwenda na mamia mengine kurudi. Jumla inaweza kuikaribia bei ya gitaa lenyewe. Lingekuwa Yamaha F310, gitaa ambalo nusu ya kwaya za nchi hii zinalo, ningekuambia nunua jingine na hili litundike ukutani. Hili ni la mjomba, na limetengenezwa kwa mbao nzima, siyo plaiwudi, kwa hiyo likitengenezwa vizuri lina miaka mingine 50 mbele yake. Hapo uamuzi ni wa familia, siyo wangu.

Tuseme mmeamua. Usipeleke boksi kwa mshangao. Martin wako Nazareth, jimbo la Pennsylvania, tangu karne ya 19, na kama viwanda vingine vikubwa wanataka uwaandikie kwanza, wakupe namba ya idhini, ndipo utume. Boksi lisilo na namba huwekwa pembeni au hurudishwa kwa gharama yako. Katika barua taja modeli na namba ya gitaa. Zimegongwa muhuri kwenye kipande cha mbao ndani, pale shingo inapoanzia, unazisoma kupitia tundu la sauti. Ambatanisha picha za uso, mgongo, pembeni, daraja kwa karibu, ufa kwa karibu, na ile rula ikiwa juu ya freti. Picha ya rula itawaambia zaidi ya maneno yako yote. Uliza makadirio kwa maandishi, foleni ni ya muda gani, kama wanapokea gitaa kutoka nje ya nchi, na kama wana kituo walichokiidhinisha kilicho karibu nawe kuliko Pennsylvania. Swali hilo la mwisho watu hulisahau, nalo linaweza kuokoa nusu ya safari.

Majira nayo yana neno. Gitaa lako limezoea hewa ya Tanga, unyevu wa asilimia 70 na zaidi. Viwanda vya magitaa huweka unyevu karibu asilimia 45 hadi 50, hilo halina shida. Shida ni njiani: Januari kule ni baridi kali, maghala na magari yanapashwa moto, hewa inakauka kupita kiasi, na mbao husinyaa kwa upana wake. Ufa wa sentimita 10 unaweza kufika ukiwa wa 20. Panga lifike kati ya Aprili na Oktoba.

Kabla halijatoka nchini, forodha. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu wanafikiria forodha siku gitaa linaporudi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina utaratibu wa bidhaa inayotoka kwa muda kwenda kutengenezwa nje na kurudi. Ukiufuata, siku ya kurudi kodi inapigwa kwenye thamani iliyoongezeka huko nje, yaani matengenezo. Usipoufuata, afisa ataona gitaa la Marekani lililoingia na thamani yake kamili, na atalitoza kama lililonunuliwa jana, pamoja na VAT ya asilimia 18. Idhini inaombwa kabla, TRA, na gitaa linakaguliwa kabla halijaondoka. Tumia wakala wa forodha aliyesajiliwa. Kwa kifurushi kimoja ada yake inauma, lakini ni ndogo kuliko ugomvi wa baadaye. Afisa asome ile namba ya ndani kwa tochi na iandikwe kwenye nyaraka. Namba hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba lililorudi ni lile lile.

Kwa upande wa Marekani una bahati ambayo mwenye gitaa la Japani hana. Gitaa lako lilitengenezwa kule, na sheria yao inaruhusu bidhaa ya Marekani inayorudi nyumbani kuingia bila ushuru ikiwa haikuongezwa thamani nje. Hilo liandikwe kwenye ankara kwa maneno wazi: gitaa lililotumika, lililotengenezwa Marekani, linarudi kwa mtengenezaji kwa matengenezo, litarejeshwa Tanzania, haliuzwi. Usitegemee maneno ya zamani kwamba kifurushi cha chini ya dola 800 kinapita tu. Msamaha huo ulisimamishwa kwa nchi zote Agosti 29, 2025. Na thamani andika ya kweli. Wapo watakaokushauri uandike dola 50 ili kupunguza usumbufu. Likivunjika, utalipwa dola 50.

Mbao zenyewe hazitakusumbua. Rosewood ya Brazil imo kwenye orodha kali ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, na D-18 nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa na daraja na ubao wa vidole wa mti huo. Gitaa la umri huo kuvuka mpaka bila kibali ni kulitafutia kutaifishwa. La 1978 lina rosewood ya India. Hiyo nayo iliingizwa kwenye orodha nyepesi mwaka 2017 pamoja na jamii yake yote, mpingo wetu ukiwemo, lakini tangu Novemba 26, 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa. Chapisha ukurasa mmoja wenye mwaka wa gitaa kwa namba yake, uuweke ndani ya kasha, endapo afisa fulani atataka kujua.

Sasa kufungasha, na hapa usiharakishe. Kinachovunja magitaa safarini mara nyingi si kugongwa ubavu. Ni shingo kukatika chini ya kichwa. Boksi likiangushwa wima au chali, mwili wa gitaa umeshikwa na kasha lakini kichwa kinaning'inia hewani, kinatupwa mbele kama abiria wa daladala dereva akikanyaga breki. Kwa hiyo lazima kasha gumu, siyo begi la kitambaa. Ndani ya kasha, jaza karatasi zilizokunjwa au kitambaa laini chini ya kichwa, juu yake na pande zote mbili, kisikose mahali pa kulalia, lakini ncha yake isiguse ukuta wa kasha. Chini ya kisigino cha shingo weka kinga nyingine. Nyuzi ziwe zimelegea, na kati ya nyuzi na freti pitisha karatasi. Daraja lililobanduka usilifunge kwa tepu: rangi ya gitaa hilo ni ya nitroselulosi, aina ya vanishi laini, tepu ikibanduliwa itaondoka nayo, na hata sponji za bei rahisi zikigusana nayo kwa wiki kadhaa kwenye joto huacha alama. Kinachogusa gitaa kiwe kitambaa cha pamba au karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Toa kila kitu kilicho kwenye kisanduku cha kasha, kapo (kile kibanio cha nyuzi), mkanda, kopo la mafuta ya limau. Nimeona uso uliochomwa na kapo iliyofunguka njiani. Kisha funga kasha, litikise, uangalie kama kuna kinachosogea. Kikisogea, fungua tena.

Kasha liingie kwenye boksi la katoni lenye nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kila upande, ijazwe kitu kisichobonyea kirahisi. Maduka ya vyombo vya muziki Dar yana maboksi ya magitaa wanayoyatupa; omba mawili, uyaunge. Andika namba ya idhini ndani na nje.

Usishangae bei ya kampuni za kusafirisha. Boksi la sentimita 115 kwa 50 kwa 22 lina uzito wa kilo 8 kwenye mizani, lakini wao huzidisha vipimo hivyo na kugawa kwa 5,000, na kupata kilo 25. Utalipia 25. Bima nayo: mizigo ya ndege ya kimataifa iko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, na tangu Desemba 28, 2024 kikomo cha fidia ni SDR 26 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa kilo. Kwa kilo 8 za kweli hiyo ni kama dola 280 hivi, gitaa liwe la dola 200 au la 20,000. Ukitaka zaidi lazima utangaze thamani kubwa na kulipia kabla, na usome masharti ya kampuni husika, maana baadhi huweka kikomo chao kwa ala za muziki za zamani hata ukitangaza. Wakikuambia hivyo, tafuta bima ya nje.

Njia nyingine ni ile yetu ya siku zote, kumpa mtu anayesafiri. Siipingi, mradi mtu huyo analiingiza ndani ya ndege. Mashirika ya Marekani yanabanwa na sheria ya 2012 kuruhusu ala ndogo kwenye kabati la juu kukiwa na nafasi. Mashirika mengine kila moja lina kanuni zake, na safari ya kutoka Dar karibu lazima ibadilishe ndege mahali. Apige simu kabla. Na ile idhini ya forodha inahitajika vilevile, hata gitaa likiwa begani kwa mtu.

Likirudi, usitie sahihi kabla hujazunguka boksi. Pakiwa na tobo au kona iliyobonyea, liandike kwenye karatasi ya kupokelea mbele ya dereva na upige picha. Kisha liache boksi limefungwa ndani ya nyumba mpaka kesho yake. Najua hamu itakusumbua, lakini rangi ya nitroselulosi iliyotoka kwenye baridi ya ndege ikipigwa ghafla na joto la Tanga hupasuka mistari midogo midogo. Ukikuta dosari ndani, mkataba ule unakupa siku 14 tangu kupokea kulalamika kwa maandishi.

Kwa sasa, nitumie picha mbili: karatasi ikiwa nyuma ya daraja, na ncha ya rula inapogusa daraja, iliyopigwa kutoka ubavuni kwa usawa wa uso. Ukishapima, nitakuambia kama ni kutafuta fundi au ni kuwaandikia Nazareth, na kama ni fundi, nitakuelekeza namna ya kumpima kabla hujamkabidhi.